Safu Iliyoitwa NANI

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kiti chenye gurudumu bovu, kompyuta iliyonguruma kama mashine ya kusaga posho, na pakiti moja ya peremende za jeli. Mwenye kampuni, Bwana Jayanti, aliiweka ile pakiti mezani akaniambia niandike maelezo yake: jina, uzito, vilivyomo ndani, na maneno mawili matatu ya kumtamanisha mnunuzi. Nikaandika. Nilipomaliza akaniambia niandike tena, mara tatu zaidi.

"Mwalimu, hii kazi iko rahisi," alisema. "Website yetu, moja. Ule mnada wa internet, mbili. Lile soko kubwa la internet, tatu. Catalogue ya karatasi, nne. Kila moja inataka yake."

Aliniita Mwalimu kwa sababu fomu yangu ya kazi ilisema nilifundisha darasa la sita Isiolo, kabla maisha hayajanipitisha Uholanzi na kunishusha Birmingham nikiwa na umri wa kuitwa mama na kila mtu. Nilimjibu kwamba darasani kwangu mtoto akinakili sentensi moja mara nne, ile ya nne haikosi kosa. Alicheka. Mimi sikucheka, maana sikuwa nikitania.

Ghala letu lilikuwa Erdington, nyuma ya barabara ya maduka. Nilikaa Ladywood, ghorofa ya tisa, na kila asubuhi nilitembea hadi stesheni ya New Street nikapanda treni. Tuliuza vyakula: viungo, unga wa dengu, chai ya Kericho, kachiri, yaani krispu, za muhogo, biskuti na peremende. Wateja walikuwa Waafrika Mashariki wa kila rangi, waliotawanyika Uingereza nzima wakitamani ladha za kwao. Nyinyi vijana mmekuta mambo yamenyooka. Miaka ile ya elfu mbili ilipoanza, kila mahali ambapo mteja angeweza kukununulia tulipaita njia ya mauzo, na kila njia ilikuwa na ukurasa wake, nywila yake, na nakala yake ya maelezo. Bidhaa ilikuwa moja rafuni, lakini huko nje ilikuwa na wasemaji wanne, na hawakuwa wakisemezana. Wahenga walisema lisemwalo lipo. Hawakuwahi kuuza mtandaoni.

Meneja wa ghala alikuwa Papa Dieudonné, mtu wa Bukavu, mrefu, mpole, mwenye macho ya kuona panya gizani. Kompyuta hakuipenda, lakini hakuna boksi lililopita mlangoni bila yeye kuligeuza. Alasiri moja alikuja mezani kwangu akiwa amelikumbatia moja.

"Mama, angalia hii carton," akasema. "Couleur, rangi yake, ni ileile, lakini ku nyuma bamebadilisha maandiko."

Nikavaa miwani. Zilikuwa zile peremende za jeli. Palipoandikwa pektini, ambayo hutoka kwenye matunda, sasa paliandikwa jelatini. Jelatini hutengenezwa kwa ngozi na mifupa, na ya mnyama gani, mtengenezaji hakusema. Mimi ni Mwislamu. Kitu kama hicho siwezi kukila bila kujua kimetoka kwa mnyama gani na alichinjwa vipi. Bwana Jayanti ni Mhindu asiyeonja nyama; yeye hakili hata ukimweleza vipi. Wateja wetu wengi walikuwa ama kama mimi ama kama yeye.

Nilirekebisha ukurasa wetu papo hapo. Nikarekebisha mnada. Nikakata mstari mwekundu kwenye katalogi iliyokuwa ikisubiri kwenda kwa mpiga chapa. Lile soko kubwa sikuweza, kwa sababu nywila yake alikuwa nayo Bwana Jayanti peke yake, naye alikuwa Leicester harusini. Nikaandika kwenye kikaratasi cha njano, JELI, SOKO, nikakibandika kwenye kompyuta. Kikaratasi kilidondoka nyuma ya meza, na mimi nikasahau. Naliandika hili waziwazi ili msije mkadhani nawasimulia makosa ya wengine. Nilisahau.

Wiki tatu baadaye Bwana Jayanti aliingia ofisini bila salamu. Mama mkwe wake, ambaye sote pale ghalani tulimwita Bibi, alikuwa amekula zile jeli. Binti yake Bwana Jayanti, Hetal, ndiye aliyempa. Msichana hakuwa mzembe. Aliangalia kwanza ukurasa wetu kwenye soko kubwa, na ukurasa ulisema, kwa maneno yangu mwenyewe ya siku ya kwanza, kwamba hazina kitu chochote cha mnyama. Bibi akala tatu. Hetal alipokuwa akimtolea ya nne ndipo akageuza pakiti na kusoma nyuma. Bibi alizaliwa Kisumu, akaolewa huko, akafiwa na mume huko, na katika umri wake wote, zaidi ya miaka sabini, nyama haikuwahi kupita mdomoni mwake.

Siku ile tuliwaandikia barua wote walionunua jeli kupitia soko lile. Kisha niliandika barua nyingine, ya kuacha kazi, nikaitia mkobani, nikapanda treni kwenda Sutton Coldfield nyumbani kwa Bwana Jayanti.

Nilimkuta Bibi jikoni. Alikuwa amefunga, hali kitu, anakunywa maji tu. Hetal alisimama kando ya sinki, macho mekundu. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi na ningeyapokea. Bibi aliniangalia tu, mwanamke mdogo wa mwili aliyejifunika shali nyeupe, akaniuliza kwa Kiswahili chake cha Kisumu.

"Wananiambia internet ilisema. Hii internet iko na mdomo? Mimi nauliza, nani alisema?"

"Mimi, Bibi. Mimi ndiye niliyeandika."

"Wewe uliona pakiti?"

"Niliiona. Nikasahihisha sehemu tatu, ya nne nikaisahau."

Nikamwomba msamaha, nikatoa ile barua nikamweleza kwamba naondoka. Hakuifungua. Aliisukuma juu ya meza ikanirudia.

"Ukienda, mimi nitauliza nani?" akasema. "Rudi kazini. Siku utaweza kunijibu bila kusahau, nitakula tena kitu ya ghala yenu. Mpaka siku hiyo, hapana."

Nililia ndani ya treni, na watu wa Birmingham, kama kawaida yao, wakatazama dirishani. Lakini kabla sijafika New Street nilikuwa nimeshanyamaza, maana nilikuwa nimekumbuka duksi, madrasa yetu ya utotoni. Maalimu wetu Isiolo hakukubali habari isiyo na mwenyewe. Ukimwambia watu wanasema, alikuuliza watu gani, na kama huna jina unarudi kukaa. Swali la Bibi lilikuwa lilelile. Mimi nilifundishwa swali hilo nikiwa na miaka saba, nikaja kulisahau mbele ya kompyuta.

Kesho yake nilianza kujenga kilichokuja kuitwa faili mama. Leo kuna programu za kazi hiyo na watu wenye shahada zake. Mimi nilikuwa na jedwali la kompyuta tu, lenye mistari ya kulala na safu za kusimama. Kila bidhaa nikaipa mstari mmoja na namba moja, isiyogawiwa bidhaa nyingine hata ikiacha kuuzwa. Kisha nikatenga ukweli na sifa. Sifa ni zile za tamu, laini, watoto watafurahi. Hizo zinaweza kuwa fupi kwenye mnada na ndefu kwenye katalogi, si neno. Lakini uzito na vilivyomo ndani ni ukweli, na ukweli uliandikwa mara moja tu, kwenye faili mama, na njia zote nne zikachota hapo. Mtu akiona kosa kwenye mnada, harekebishi mnada. Anarekebisha faili mama, na mnada unafuata. Nywila zote nilizichukua, hata ya Bwana Jayanti, naye alinipa huku akinung'unika.

Mwisho wa jedwali niliongeza safu moja, nikaiandika juu kwa herufi kubwa: NANI. Humo liliingia jina la mtu aliyeshika pakiti, akasoma nyuma kwa macho yake, na siku aliyosoma. Nikaweka sheria kwamba bidhaa isiyo na jina katika safu ile haionekani popote.

Asubuhi sheria ilipoanza, nusu ya bidhaa zetu zilipotea mtandaoni. Ilikuwa wiki ya kabla ya Diwali, na mwaka ule Ramadhani ilikuwa mlangoni pia. Bwana Jayanti alikuja mezani kwangu amevaa koti bado.

"Mwalimu, unafunga duka yangu kwa sababu ya column moja?"

"Sifungi, Bwana Jayanti. Nangoja mtu aseme ameona."

Nilijua angeweza kunifukuza, na nilijua sitabadilisha neno. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wetu ulikuwa umeshamwangukia mama mkwe wake. Mwishowe alivua koti, akalitundika kwenye kiti changu, akaingia ghalani na miwani yake. Wiki ile nzima yeye na Papa Dieudonné walikaa juu ya magunia wakisomeana pakiti kwa sauti kama wanafunzi, na majina yakajaa safu.

Hetal alipomaliza chuo kikuu aliletwa kwetu, akapewa sehemu ya biskuti, kachiri na peremende. Kiswahili alikisikia vizuri, ila alijibu kwa Kiingereza, kama watoto wote waliozaliwa hapa. Nilimweleza faili mama asubuhi moja, nikamwacha afanye. Baada ya mwezi nikaifungua sehemu yake. Safu ya NANI haikuwa na jina hata moja. Ilikuwa yes, yes, no, yes, mpaka chini. Nikamwita.

"Hetal, yes ni jina la nani?"

"But Mwalimu, I asked her. Every single one."

"Ulimuuliza nani?"

"Yeah. Nani."

"Ndiyo nakuuliza, nani?"

"Nani! My nani. Bibi!"

Ndipo nilipojifunza, baada ya miaka yote ile kufanya kazi na Wagujarati, kwamba kwao mama wa mama huitwa Nani. Mtoto aliona safu yenye jina la bibi yake, akaelewa kama ambavyo angeelewa mjukuu yeyote. Kila siku saa ya chakula cha mchana alipiga simu Sutton akamsomea Bibi pakiti, neno kwa neno. Bibi akiridhika, yes. Asiporidhika, no. Papa Dieudonné alicheka mpaka akakaa sakafuni.

Nilitaka kuyafuta yote. Kisha nikaangalia zile no. Nne kati yake sisi tulikuwa tumeziandika kwamba zinawafaa wasiokula nyama. Biskuti moja ilikuwa na rangi nyekundu inayotokana na wadudu, na tulilijua hilo kwa sababu Bibi aliuliza hiyo rangi inatoka wapi, na Hetal akampigia mtengenezaji. Kachiri za jibini zilikuwa na kimeng'enya cha kugandisha maziwa, kilichotolewa tumboni mwa ndama. Sisi tulisoma maneno tukadhani tumesoma. Yule mama mzee, kwa simu, aliuliza maana. Nikamwambia Hetal aandike jina lake na tarehe, na simu za mchana ziendelee. Bibi akawa mkaguzi wetu, mkali kuliko wote niliowahi kufanya nao kazi. Lakini yeye mwenyewe hakuonja kitu. Kila Diwali tulimpelekea sanduku, na kila Diwali lilirudi limefungwa.

Miaka ilikwenda. Bwana Jayanti aliugua mgongo akamwachia Hetal kiti cha mkurugenzi, na njia nne zikawa saba. Wakaja wataalamu wenye tai kuhamisha faili mama yangu kwenye programu ya kweli. Mmoja alisema safu ya NANI haileti maana, afadhali ipewe jina la kitaalamu. Mkurugenzi alimwambia kwamba abadilishe chochote anachotaka, hiyo aiache. Mimi nilikuwa nimeshafungua mdomo kupigana, nikaufunga.

Nimestaafu zamani sasa. Vijana huniuliza siri ya kazi ile, wakitarajia niwatajie programu. Nawaambia programu hainyimi mtu usingizi ikikosea. Mtu ndiye. Maelezo ya bidhaa ni neno lako kwa mtu ambaye hutamwona, atakayelitia mdomoni mwake au mwa mtoto wake. Kama huko tayari jina lako likae kando ya neno hilo, usiliandike.

Siku yangu ya mwisho, muongo ule ukielekea kwisha, tulikusanyika ghalani. Nilikuwa nimepika sambusa, za nyama meza moja, za viazi meza nyingine, na kila meza na karatasi yenye jina langu na tarehe. Hetal akaingia amemshika Bibi mkono. Sikumtarajia, alikuwa ameshafika zaidi ya themanini na hatoki. Alipita meza zote mbili bila kusimama, akaenda na fimbo yake hadi kwenye rafu za peremende, akachukua pakiti ya jeli.

"Nani alisema?" akaniuliza.

"Mimi, Bibi. Jumanne. Pakiti ilikuwa mkononi, nikasoma mpaka mwisho. Ni pektini tena, ya matunda."

"Na kule kwingine?"

"Njia zote saba zinasema hivyohivyo. Nimeangalia leo asubuhi."

Vidole vyake havikuwa na nguvu tena, akampa Hetal afungue. Hetal alifungua, akageuza pakiti kwanza, akasoma nyuma, ndipo akamtolea moja. Bibi akaitia mdomoni akatafuna polepole, akiniangalia. Kisha akanyoosha mkono apewe nyingine.