Unga Ndani ya Mashua

Juzi fundi wa bomba alinyunyiza unga chini ya sinki yangu ili aone maji yanapotokea, na harufu ya lami ya moto ya utotoni mwangu ikanijia ghafla. Baba alitoka upande wa ziwa kuja kufanya kazi ya chai huku Kericho, na alikuwa ameunda mashua ndogo ya tanga kwenye bwawa la shamba. Alasiri moja aliinama ndani yake, akinyunyiza unga kwenye maungio ya mbao.

"Baba Akinyi, huo ni ugali wa jioni," mama alilalamika kutoka ukingoni.

Unga ukalowa mahali pamoja, karibu na mguu wangu. Baba akasindilia pamba na lami hapo. Mimi niliamini anailisha mashua ipate nguvu ya kutufikisha kwa dani, nyanya yangu, kule ziwani.

Tulitweka tanga. Tulipofika ng'ambo, penye michai ileile, nikauliza, "Hapa ndio kwa dani?"

Leo najua bwawa lile halikuwa na njia ya kutokea. Baba alijua hata siku ile. Aligeuza mashua polepole.

"Bado, Akinyi," akasema. "Tuzunguke tena."