Siku Mume Wangu Aliponing'inia kwenye Mkanju

Nyani hamwogopi mwanamke. Nimepiga debe, nimetukana, nimerusha mawe mpaka mkono ukavimba, na dume lao hukaa mbele yangu likimenya hindi langu utadhani nimelikaribisha mimi. Lakini akitokea mume wangu na upinde, hata mshale hajaupachika, kundi zima limeshafika msituni. Shamba letu la huku nyuma ya Msambweni halina ua wala mbwa. Ua wetu ulikuwa yule mzee.

Alikuwa akilinda juu ya dungu, lile jukwaa la miti la kukalia mlinzi. Msimu uliopita mchwa walikula miguu ya dungu, likaanguka naye. Bega likateguka. Mganga wa viungo alilirudisha, na mwenyewe akasema limepona. Boriti za kujengea dungu jingine hatukupata. Mikoko ya Gazi siku hizi haikatwi ovyo, na mimi siwalaumu wanaoilinda.

Mwanangu anayekaa Ukunda akaniambia, "Mama, mahindi haya yakiliwa tena, fungeni virago mje kwangu. Nyumba mbili siziwezi kuzilisha." Hakusema kwa ubaya. Ila mume wangu alizaliwa papa hapa, na wazazi wake tumewazika papa hapa.

Mshipi aliuleta mjukuu wangu. Huyo msichana nitajivunia mpaka kaburini. Yuko Diani, anawafundisha wageni kuvutwa na tiara juu ya maji, miguu kwenye ubao, na wanaume wazima wanamtii. Mshipi wenyewe ndio ule wanaouvaa, mpana, una mahali pa kukalia na vitanzi vya mapajani. Ulikuwa umechakaa, wakataka kuutupa. Akatueleza kwamba wawindaji wa ng'ambo siku hizi wengine hawajengi jukwaa. Wanajifunga kwenye mti, wanaketi hewani, nyayo wamezikaza kwenye gome.

"Babu, dungu lako ndilo hili. Halina miguu ya kuliwa na mchwa."

"Unanifunga kama mbuzi wa hitima," mume wangu akasema.

"Mbuzi hapewi upinde, babu."

Tukacheka wote. Akaupanda mkanju, ule mkorosho wa shambani, kwa ngazi, mjukuu akamfungia kamba kwenye panda la mti, akajiegemeza nyuma taratibu. Mshipi ukamshika. Nalisema hilo kwa sababu majirani wanasema mshipi ndio uliotuaibisha. Mshipi haukuwa na kosa. Alikaa mle kama mtoto mbelekoni, akaniangalia huku chini, akacheka na mapengo yake.

Nyani wakaja jua lilipopanda. Dume lilitangulia, likamwona, likasimama. Mume wangu akapachika mshale, akavuta. Upote, ile kamba ya upinde, haujafika nusu, akaulegeza. Akavuta tena. Bega likakataa. Mshale ukamponyoka ukaanguka kwenye majani ya muhogo, hata sauti haukutoa.

Dume likautazama mshale. Kisha likamtazama yeye, likamtazama sana. Halafu likakaa kitako chini ya mkanju wake, likavunja hindi. Wengine wakaingia.

Mjukuu akawakimbilia na fimbo, wakampisha tu, wakahamia mstari wa pili. Mimi nikapanda ngazi.

"Ni huo mshipi," nikamwambia mume wangu. "Umekubana bega. Kesho tutaulegeza."

"Usiniongopee, bibie. Wamenitazama vile wanavyokutazama wewe."

Nikashika kamba nimfungue.

"Niache kwanza," akasema, na uso akaugeuzia gome.

Nikateremka. Mahindi yalikuwa machanga bado, ukiyabonyeza yanatoa maziwa. Nikachukua kikapu nikaanza kuvunja upande wa nyumbani. Wao walikuwa wakivunja upande wa msituni. Mjukuu akaitupa fimbo, akaja kunisaidia. Hatukuwafukuza tena. Tulivuna pamoja nao, mistari ikipungua katikati yetu, mpaka nikawa nasikia dume linavyotafuna, na juu ya mkanju kamba ya mshipi inavyolia.