Ngumi ya Kuume ya Tonton

Tonton alipenda kuniambia, "Kuanza haiko kitu. Nyeupe, nyeusi, yote iko sawa." Bon, kama iko sawa, mbona kila siku anaanza yeye?

Si mjomba wangu wa damu. Ni jirani, mzee wa kutoa fotokopi hapa Mangobo. Umeme ukikatika, mashine inalala, naye anatoa ubao wa sataranji. Anaficha askari wawili ngumini, mmoja mweupe, mmoja mweusi, ananinyooshea mikono nichague. Mwenye nyeupe ndiye anaanza. Miaka miwili nilipata nyeusi tu. Miaka miwili, jamani! Nikaanza kumchunguza kama mtu anayepimiwa mchele sokoni.

Siku moja akaninyooshea mikono miwili, kila mmoja na karatasi, nami bila kufikiri nikachukua ya kuume, ndipo nikashtuka. Kwetu mkubwa akikunyooshea mikono, unagusa wa kuume. Kugusa wa kushoto ni kumdharau. Mama alinichapa kwa hilo. Kumbe mimi na adabu zangu zote nilikuwa nagusa ngumi ya kuume kila siku bila kufikiri, na yeye anajua, nyeusi anaiweka humo! Mzee wa hila! Nilikasirika mpaka chai ikanishinda.

Timu ya sataranji ya mtaa ilikuwa inavuka mto kucheza na watu wa Lubunga, imebaki nafasi moja, na tungeigombea sisi wawili kwa mchezo mmoja. Nafasi hiyo niliitaka mno.

Siku ikafika, akanyoosha ngumi. Nikagusa ya kushoto. Watu wakaguna. Akaifungua: nyeupe.

"Eh! Leo adabu imeisha?"

"Imeisha, tonton."

Alors, nikakaa mbele ya jeshi langu jeupe. Miaka miwili nilijifunza kujibu tu. Kuanza sikujua. Nikasukuma askari, nikajuta, nikatoa farasi, nikajuta tena. Yeye alijibu polepole, na hizo nyeusi alizicheza vizuri kuliko mimi. Alizizoea wapi? Kabla umeme haujarudi, mfalme wangu alikuwa amekwisha.

Siku ya safari nilimsindikiza mpaka mtoni, roho inaniuma.

"Tonton, ulijua nitagusa ya kushoto?"

"Miye? Nijue namna gani?"

Akapanda mtumbwi, akageuka, akaninyooshea mkono wa kuniaga. Wa kushoto. Wa kuume ulikuwa mtupu, haukuwa umeshika hata mzigo.