Ampea Saba Zisizo na Mwenyewe

Saa tatu asubuhi, fundi umeme Mama Ampea amesimama juu ya kigoda kwenye korido ya nyumba ya vyumba vitano, anakitazama kipimo chake kama mtu aliyedanganywa. Chini yake wapangaji wanatazamana kwa jicho la pembeni.

Mwenye nyumba amekwisha kukata kesi. Jana aliazima kipimo cha kubana waya, akapima waya wa chumba cha mshona nguo. Kikasoma sifuri, na pasi yake ilikuwa ya moto!

"Anatumia umeme usiopimika. Mwizi huyo," anasema. "Saa sita awe ametoka."

Mshona nguo, mjane mwenye watoto wawili, keshaifunga cherehani yake kwa kamba.

Mama Ampea ana miaka kumi na minane katika ufundi umeme, na kuna siku zinapita bila kazi hata moja. Hata hivyo haamini neno la mtu, hata la mwenye nyumba, kabla hajapima mwenyewe.

"Ulibana nyaya zote mbili pamoja, mzee wangu," anasema. "Umeme unaokwenda na unaorudi hufutana. Ungesoma nini zaidi ya sifuri?"

Anabana waya mmoja tu. Ampea tano. Mshona nguo anaketi sakafuni, analia bila aibu.

Lakini fundi hashuki. Vyumba vimeunganishwa sambamba: kila kimoja kinavuta umeme wake, ukizima hiki kile hakitikisiki, na vyote hujumlika kwenye waya mkuu. Anapima kimoja kimoja. Jumla, ampea kumi na nne. Waya mkuu unasoma ishirini na moja.

"Saba za nani?" anauliza.

Anazima vyumba vyote vitano. Saba ziko palepale.

"Hicho kipimo kibovu," mwenye nyumba anadakia, haraka mno.

Mama Ampea anapanda darini, anaufuata waya hadi ng'ambo ya ukuta anakoishi mwenye nyumba, kwenye hita yake ya maji. Imeungwa kwenye mita ambayo wapangaji huchanga kuilipia.

"Kumbe iliungwa huku? Mimi sijui, ni yule fundi wa zamani," anasema mwenye nyumba.

Mpangaji mmoja anaanza kuifungua kamba ya cherehani.

Mama Ampea anasema anataka kila chumba kiwe na mita yake, na kwa sasa anajifunza kuzifunga.

"Mpaka siku hiyo," anasema, "naomba tu wenye nyumba waniite kabla mtu hajafungashiwa virago."