Maneno Waliyomwandikia Mama

Aliyenipigia simu ni mwanamume tuliyesoma naye idara ya mawasiliano, ambaye siku hizi ni msemaji wa chuo chenyewe. Aliniambia idara imewachagua wahitimu wake waliofanya makubwa kwenye vyombo vya habari ili iwatunuku, na mimi nimo.

"Dada, wewe ni mtu wa redio," alisema, "na unatoka kule mwisho wa nchi. Watu watapenda sana."

Neno hilo la mwisho wa nchi lilinikwaruza, ila nililiacha lipite. Mtu akikuletea heshima humkatizi maneno. Lakini Nchelenge, kwetu, si mwisho wa kitu chochote. Ukisimama ufukweni Kashikishi asubuhi utaona maboti ya Kongo yakishusha mawese na vitenge, na kupakia sabuni na chumvi. Utasikia Kibemba, na wakianza kukubaliana bei utasikia Kiswahili, kile chetu chenye Kifaransa ndani yake. Baba yangu alikuwa mvuvi wa hapo hapo Nchelenge. Mama alizaliwa Pweto, ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, akaja kuolewa. Alivuka akiwa bibi harusi, na godoro jipya, na mjomba wake akipiga ngoma kwenye boti. Hadithi hiyo sisi watoto tuliijua kama sala.

Kazi ya redio niliianzia kwetu, kwenye kituo kidogo, nikisoma bei za samaki na matangazo ya upepo mbaya, kwa Kibemba kwanza, kisha kwa Kiswahili ili na watu wa ng'ambo wasikie. Baadaye nikaenda chuo, na Lusaka ikanishika.

Msemaji aliniambia watatengeneza filamu fupi ya kila mtunukiwa, na kwamba timu itakwenda Nchelenge kuzungumza na mama. Nilijitolea kwenda nao.

"Hapana," alicheka. "Ni zawadi ya kukushtukiza. Uione siku hiyo hiyo ukumbini."

Nilimpigia mama nikamwambia wageni wanakuja. Alifurahi mpaka sauti ikapanda. Mama ni mfanyabiashara wa samaki wakavu. Ana nyumba ya matofali ya kuchoma aliyoijenga na baba, na kanisani ndiye anayeongoza kina mama wanaotembelea wagonjwa. Alifua sare yake ya kanisa, akainyoosha kwa pasi ya makaa, akapaka sakafu rangi nyekundu. Alichinja jogoo.

Yaliyofuata niliyajua baadaye, kwa kinywa chake na cha jirani. Timu ilipofika walimsalimia vizuri wakala jogoo. Kisha binti mmoja akamwomba avue sare kwa sababu eti nyeupe inang'aa sana kwenye kamera. Wakamuuliza kama hana kitenge cha kila siku. Akavaa. Wakamuuliza kama hana cha zamani zaidi. Akaazima kwa jirani. Halafu wakasema nyumba yake haina mwanga mzuri, wakamkalisha nje ya jiko la nyasi la jirani huyo huyo, karibu na moshi, mbele ya mkeka wa chisense, wale dagaa wetu, wakavu.

"Ukakubali, mama?" nilimuuliza.

"Balikuwa bageni bako," alijibu. "Miye nilisema, bo njo banajua kazi yabo."

Walimwambia aseme kwa lugha yoyote aitakayo, watatafsiri. Alichagua Kiswahili chake.

Siku ya tuzo nilivaa gauni la kitenge nililoshonesha makusudi. Ukumbi wa chuo ulikuwa umejaa wahadhiri, wafadhili, wanafunzi, na watu wa televisheni ambao sura zao nilizijua tangu utotoni. Nilikaa mstari wa mbele na wenzangu wa kutunukiwa. Sitaki kujifanya kwamba sikuwa na furaha. Nilikuwa nayo tele. Nilikuwa nimekariri maneno ya kumshukuru baba, aliyefariki nikiwa mwaka wa pili chuoni, na ambaye nilimzika kwa haraka kisha nikarudi kwenye mtihani.

Taa zikapunguzwa, jina langu likatajwa, na mama akaonekana ukutani, mkubwa kama mlango wa kanisa. Moshi ulikuwa unampita usoni, naye akipepesa macho. Akaanza kusema. Nilimsikia kila neno.

"Baba yake njo alimupatia hii mudomo. Alikuwa anaokota bagazeti ya kufunga samaki, anamwambia soma. Miye niko mu jiko. Anamwambia, pandisha sauti, mama yako asikie kule. Kila mangaribi. Ule mwanaume alipenda huyu mutoto sana."

Na chini ya picha yake, kwa Kiingereza, kwa herufi nyeupe nzuri, yalikuwa yakipita maneno mengine. Yalisema kwamba alikimbia vita akiwa na mtoto mgongoni. Yalisema kwamba mume alimwacha. Yalisema kwamba siku nyingi walilala njaa, na kwamba yeye alimwomba Mungu ampe mtoto huyu sauti ili dunia isikie mateso yao.

Mwanzoni nilidhani filamu imechanganywa na ya mtu mwingine. Nilitazama kushoto na kulia. Mama mmoja aliyekaa nyuma yangu alikuwa anajifuta machozi. Mama yangu pale ukutani alitabasamu, kwa kuwa alikuwa amefika pale pa baba kumpenda mtoto, na chini ya tabasamu lile iliandikwa kwamba baba hakurudi tena.

Taa zikawashwa. Watu wakasimama kupiga makofi. Mshereheshaji akanishika mkono akanipandisha jukwaani, nikapewa kibao cha kioo, nikapewa na kipaza sauti. Maneno niliyokuwa nimekariri yalinitoka yote kichwani. Nikasema lililobaki.

"Baba yangu hakutuacha."

Nikarudia: "Hakutuacha. Mama hakusema hivyo."

Nilikuwa nataka kuendelea. Lakini kutoka katikati ya ukumbi mtu alitoa sauti ile ya kuhurumia, "ooo," wengine wakaidaka, na makofi yakaanza upya, makubwa kuliko ya kwanza. Mshereheshaji alikuwa na machozi. Alichukua kipaza sauti polepole mkononi mwangu, akanikumbatia, akawaambia watu, "Mnaona moyo wa binti huyu? Amemsamehe baba yake!"

Nilisimama pale na kibao changu. Watu walinipiga picha.

Nilimkamata msemaji nje, penye meza za vinywaji.

"Mama yangu si mkimbizi," nilimwambia. "Na baba yangu amelala kaburini Nchelenge. Nani aliyeandika yale maneno?"

Aliniweka mkono begani. "Dada, tulia. Hakuna hata mmoja wetu aliyejua kile Kiswahili cha kule. Tulimwangalia usoni, tukaelewa."

"Mlielewa nini usoni? Ni moshi! Mimi nipo, ninakijua. Ungenipigia."

"Ingeharibu zawadi." Kisha akashusha sauti, kama ndugu. "Wewe ni mtu wa kazi hii. Unajua hadithi inavyotakiwa iwe. Umeona walivyosimama?"

Tulikaa naye darasa moja la maadili ya uandishi. Kwenye mtihani wa somo hilo alinishinda alama.

Usiku huo mama alipiga simu. Alitaka kujua kama walipenda maneno yake.

"Walilia, mama," nilimjibu. Ilikuwa kweli, na sikuwa na nguvu ya kuongeza lingine.

"Balilia juu ya baba yako?"

"Ndiyo."

"Eh," alisema, akiridhika. "Alikuwa mutu."

Filamu ilifika Nchelenge kwa simu za watu kabla mimi sijafika. Mama hajui Kiingereza. Aliyempelekea habari ni shangazi, dada wa baba, ambaye wajukuu zake walimsomea maandishi kutoka juu mpaka chini. Alikuja kwa mama asubuhi, hakukaa, hakuvua viatu.

"Kumbe kaka yangu alikutupa, mulamu?" alimwambia wifi yake. "Kumbe alipouza injini ya boti yake ili mtoto wenu asome, alikuwa anakutupa? Alipokuwa anavua kwa kasia na kifua kile kibovu?"

Mama hakuelewa anaambiwa nini. Alipoeleweshwa, alinipigia. Hakupaza sauti. Aliniuliza tu, "Juu ya nini hukuniambia?"

Nilipanda basi. Nilimkuta ameketi sebuleni kwake, amevaa sare ya kanisa siku isiyo ya kanisa. Tulisalimiana kwa muda mrefu. Mwishowe akasema, "Kukimbia vita haiko matusi. Batu balikimbia, nilibapokea hapa, nilibapikia. Lakini haiko miye. Miye nilivuka na ngoma."

Nilimwita shangazi. Alikuja kwa kulazimishwa na wanawe, akakaa karibu na mlango. Nilifungua filamu kwenye simu yangu, nikafunika maandishi kwa kiganja.

"Sikiliza mudomo yangu, mulamu," mama alimwambia. "Wacha maandiko."

Shangazi anajua Kiswahili cha sokoni kama watu wote wa ufukweni. Alisikiliza mpaka mwisho, kichwa amekiinamisha. Kwenye maneno ya magazeti ya kufungia samaki midomo yake iliyafuatisha, kwa sababu na yeye alikuwapo jioni zile. Kisha akainuka.

"Mimi nimesikia," alisema. "Lakini waliosoma ni wengi, na kiganja chako ni kimoja."

Tangu hapo wanasalimiana. Hajala tena kwetu.

Niliwaandikia chuo. Walinijibu kwa heshima nyingi kwamba filamu imegusa mioyo, na kwamba lengo lilikuwa kutia moyo vijana wa vijijini. Niliandika tena. Katikati ya kuandikiana huko ndipo lori lilipokuja.

Siku hiyo bado nilikuwa kwa mama. Lilisimama barabarani mbele ya nyumba, likiwa na magunia ya unga na robota la nguo za mitumba, na dereva akashuka akiuliza nyumba ya yule mama mkimbizi aliyeachwa na mume. Watu fulani wa Lusaka waliona filamu, wakachanga. Majirani walitoka. Dereva alikuwa mtu mzuri, amechoka, na macho mekundu ya vumbi. Alitazama nyumba ya matofali, akatazama tena simu yake.

Mama alimletea maji ya kunywa, akamwacha anywe amalize.

"Nani alikutuma, mwana?"

"Watu wa Mungu, mama. Ni za mama wa kwenye filamu."

"Basi mupelekee ule mama wa ku filme," mama alisema. "Miye haiko ule. Ukimukuta, umusalimie."

Dereva aliniangalia mimi, akidhani nitamtafsiria vingine. Nilimwambia amesikia sawasawa. Alibaki pale akizungusha funguo, hana pa kupeleka mzigo. Jirani mmoja alinong'ona kwamba tumbo halikatai unga. Na mama, ambaye wiki hiyo hiyo alikuwa amepeleka unga wake mwenyewe kwa wagonjwa wawili, aliingia ndani akafunga mlango. Mwishowe dereva alielekezwa kwenye makambi, huko waliko wakimbizi wa kweli, na lori likaondoka. Mtaani wakasema mama ana majivuno. Wengine wakasema anaona aibu kwa kuwa filamu imesema kweli.

Nilimwomba aje nami kwenye kituo chetu kile cha zamani, aseme tena hewani kile alichosema, ziwa zima lisikie, Mununga mpaka Chisenga. Wenye kituo walikuwa wamekubali. Alikataa.

"Nilishasema mara moja. Nilisema muzuri. Sasa nirudilie kama mutu anajitetea? Baba yako hana kesi."

Nilirudi Lusaka. Kazini waliweka picha yangu na kile kibao ukutani, karibu na mashine ya chai, na wanafunzi wanaokuja kujifunza kazi husimama mbele yake na kuniuliza nilijisikiaje. Ninawaambia nilijisikia vizuri. Nikieleza, wananitazama kwa huruma ileile ya ukumbini.

Chuo kilijibu hatimaye. Barua yao ilisema wamezingatia malalamiko yangu na filamu imesahihishwa. Niliifungua pale pale. Maandishi yalikuwa yameondolewa yote, kweli. Na kwa kuwa sasa hakuna wa kuelewa asemacho, walikuwa wamefuta sauti ya mama wakaweka kinanda. Anaonekana katika kitenge cha kuazima, ndani ya moshi, mdomo unacheza, anatabasamu, anainua mkono kuonyesha mahali baba alipokuwa akikaa, na kinanda kinapiga.

Nilipokwenda Nchelenge tena nilimkuta uani akigeuza samaki. Nilikuwa nimejiapia kwamba sitamficha kitu kingine.

"Balitosha ule uongo?" aliniuliza; kwa Kiswahili chake kutosha ni kutoa.

"Wameutoa, mama."

"Na maneno yangu?"

"Na maneno yako wameyatoa."

Aligeuza samaki mmoja, na mwingine, akafukuza nzi.

"Bon," alisema. "Basi batoshe na sura."

Niliwaandikia hivyo. Hawajajibu.