Mbuzi Aliyenuka Pombe

Mbuzi wetu jike alirudi kutoka machungani akipepesuka. Aligonga kichanja cha vyombo, akakaa chini kama mtu aliyeletewa habari ya msiba, kisha akatutazama mimi na mume wangu kwa zamu. Mate yalimtiririka. Nilijua hapohapo kwamba amelishwa sumu, na aliyemlisha nilimjua pia.

Jana yake mbuzi huyo alikuwa ameingia kwenye bustani ya jirani yetu, mzee wa rika la baba yangu, akamaliza mchicha wote. Mzee hakupiga kelele. Alisema tu, "Haya, mwanangu, Mungu anaona," akaenda zake. Mtu anayefoka simwogopi. Ninayemwogopa ni yule anayesema haya. Na hapa kwetu Ruhembe dawa ya kuua magugu kwenye miwa haikosekani nyumbani kwa mtu.

Mume wangu hakutaka kunisikiliza. "Akifa hivihivi ni kibudu, hakuna atakayemla," alisema, akachukua simu.

Sisi ni Waanglikana, lakini nusu ya majirani zetu ni Waislamu, na nyama ambayo hakuchinja Mwislamu huwezi kuigawa mtaani. Mnyama akizidiwa, mchinjaji anaitwa mbio kabla roho haijatoka. Na mchinjaji wetu ni huyohuyo mzee wa mchicha. Nilicheka kwa hasira. Amlishe sumu yeye, aje amchinje yeye, na nyama tumpe!

Alifika na kisu alichokizungushia gazeti. Nilimpa shikamoo bila kumtazama, akaitikia marahaba. Akachuchumaa, akakishika kichwa cha mbuzi, akakisogeza karibu na uso wake. Kisha akakiweka kisu chini.

"Huyu simchinji."

"Kwa sababu unajua alichokula," nilimwambia.

"Kwa sababu amelewa, mwanangu. Hebu mnuse mwenyewe."

Nikainama nikanusa. Ilikuwa pombe, wala haikuwa na ubishi.

Hapo nikamsahau mzee, nikamgeukia mume wangu. Pombe ilishamkosesha kibarua cha kukata miwa, mwishowe akaapa mbele ya mchungaji kwamba hataonja tena, nami nimesimama pembeni yake. Siku ile nilimwambia kwamba akirudia, nachukua watoto narudi kwa mama yangu Mamboya. Alijua sitanii.

"Umeificha wapi?" nilimuuliza.

"Haki ya Mungu, mke wangu, sijaonja!" Lakini jasho lilikuwa linamtoka, na jua lilikwisha kupoa.

Mzee ndiye aliyetuondoa pale. Alifuata alama za kwato mpaka nyuma ya shamba letu, na sisi tukamfuata. Chini ya mfenesi yalilala mafenesi yaliyoanguka yakapasuka, yakachacha kwa joto mpaka yakatoa povu. Nyuki na mainzi walikuwa wamejaa. Harufu ilikuwa ileile ya mdomo wa mbuzi, na alama za meno zilionekana wazi.

Niliona aibu. Nilimwomba mzee radhi, akasema yameisha. Kisha nikamshika mume wangu mkono mbele ya mtu, jambo ambalo silifanyi, nikamwambia anisamehe kwa kumdhania vibaya. Nilisema kwa moyo mmoja. Nilifurahi kiasi kwamba nilikuwa tayari kumsamehe hata mbuzi.

Naye akashusha pumzi ndefu, akacheka kama mtu aliyeachiwa na polisi, na maneno yakamponyoka.

"Yaani mimi nilidhani amelifikia dumu langu!"

Mzee aliinama akaanza kuyakagua mafenesi kama mnunuzi. Mkono wa mume wangu ulikuwa bado ndani ya mkono wangu, umelowa. Wakati ule nilitamani kwa dhati mbuzi yule angekuwa amelishwa sumu.