Nukta Nyekundu kwenye Kaseti ya Mama

Saa tatu asubuhi, mtaa wa Pasua umeshachangamka. Bodaboda zinapiga honi, muuza ndizi anabishana na mteja, na ndani ya kibanda cha mabati Mzee Eliufoo Munisi anafuta kichwa cha deki ya kaseti kwa pamba yenye spiriti. Anafuta taratibu, kama mtu anayemsafisha mtoto macho.

Ana miaka 71. Mafundi redio wengi niliowafahamu mjini Moshi wamehamia kwenye simu. Yeye hajahama, na ukimshauri ahame anakutazama kana kwamba umemwambia amwache mke wake.

“Simu ikifa unatupa. Hii imekufa mara ngapi? Na bado ipo,” anasema, akiipigapiga deki hiyo mgongoni.

Aliinunua mwaka 1983, kwa fedha za misimu miwili ya kahawa. Enzi hizo alikuwa akipanda nayo Mlima Kilimanjaro, Masama, Machame hadi Kibosho, kurekodi kwaya, kila Jumapili kanisa jingine. Siku hizi akipata shilingi elfu nane kwa siku anashukuru, na zipo siku anafunga kibanda bila kushika hata mia.

Leo ana mteja. Ni Ndelilio Nkya, mwalimu wa shule ya msingi mwenye miaka 48, aliyeteremka kutoka Masama na kaseti moja iliyofungwa kwenye leso.

“Shikamoo baba.”

“Marahaba, mama. Karibu, kaa. Tumwone mgonjwa.”

Mgonjwa ni kwaya ya usharika iliyorekodiwa mwaka 1986. Anayeongoza nyimbo ni mama yake Ndelilio, aliyefariki mwaka jana. Jumamosi hii familia inaweka msalaba kwenye kaburi lake kihambani, kwenye shamba la ukoo, na wajukuu wanatoka Dar es Salaam. Wengi wao walimkuta bibi ameshapigwa na kiharusi, haongei. Hawajawahi kuisikia sauti yake, na hakuna sehemu nyingine duniani ilimohifadhiwa isipokuwa humo.

“Kwenye redio ya nyumbani inalia shhh kama mafuta ya kukaangia,” anasema Ndelilio. “Nikaipeleka mjini, kijana akaisafisha kwa kompyuta. Shhh ikaondoka, mama naye akaondoka. Alibaki mtu anayeimba akiwa amefunikwa blanketi.”

Mzee Eliufoo anaigeuza kaseti kwenye mwanga. Anavaa miwani, anapitisha ukucha pembeni, kisha anaanza kucheka peke yake.

“Hii ni yangu. Nani aliikwangua nukta?”

Hapo ndipo tunapata historia. Deki yake ina swichi ya kupunguza hiyo shhh, ile iliyoandikwa Dolby. Ukirekodi ikiwa imewashwa, lazima na kusikiliza uwashe. Kwa hiyo kila kaseti aliyoirekodi hivyo aliiwekea nukta nyekundu, kwa rangi ya kucha ya mkewe, Mama Eunike.

Ndelilio anashika mdomo. “Baba yangu! Alikuwa mzee wa kanisa. Alisema rangi ya kucha haiwezi kukaa kwenye nyimbo za Mungu. Aliikwangua kwa kisu cha kumenyea ndizi.”

Basi kwa karibu miaka arobaini, kwa sababu ya uchaji wa baba yake, Mzee Jacob, hakuna aliyejua kaseti ile isikilizwe vipi.

Namwomba fundi anieleze kazi ya swichi hiyo. Anafikiri kidogo.

“Ukivuka mfongo, mfereji wetu wa maji, na mtoto, unamnyanyua asilowe, si ndiyo? Ukifika ng’ambo unamteremsha. Wakati wa kurekodi, mashine inapandisha sauti zile nyembamba, za chini chini, ili shhh ya kaseti isizimeze. Wakati wa kusikiliza inaziteremsha pale zilipokuwa, na shhh inateremka nazo. Huyu mama amevushwa mfongo, hajateremshwa mpaka leo.”

Tatizo ni kwamba swichi hiyo ilikuwa imekufa. Kwa muda wa saa moja anachomoa kwenye deki nyingine mbovu kidude cheusi chenye miguu kumi na sita, anakichomelea kwenye yake, anapuliza moshi wa risasi iliyoyeyuka. Kisha anaweka kaseti na kubonyeza. Kwaya inaanza. Anafumba macho, uso umejaa raha.

“Sasa shwari,” anasema. “Shhh imekwisha.”

Ndelilio anatazama chini. Anakunja leso, anaikunjua. Mimi pia nasikia kilichopo, na nakiri nilinyamaza. Nani anamwambia mzee wa miaka 71 kwamba kazi yake haijakaa sawa?

“Baba, unisamehe,” anasema Ndelilio hatimaye. “Bado inalia. Upande wa kulia.”

Mzee anasogeza sikio kwenye spika ya kulia. Analigusisha kabisa. Anakaa hivyo mpaka wimbo unakwisha, halafu anazima mashine na kuweka bisibisi mezani.

“Mimi sisikii kitu,” anasema. “Miaka minne sasa sisikii shhh. Nilidhani mikono yangu imekuwa mizuri zaidi.”

Anahesabu kwa vidole wateja wa miaka hiyo minne, wote waliomwambia asante baba na kwenda zao. Walimheshimu mno kumwambia ukweli. Iliniuma kumtazama.

Ndelilio ndiye anayevuta kiti. Anavaa hedifoni, anakaa ubavuni kwa fundi kama mwanafunzi.

“Wewe kaza, mimi nisikilize. Ikikaa vizuri nanyoosha mkono.”

Ndani ya deki kuna skrubu ya kurekebisha upande wa kulia, ndogo kuliko punje ya ulezi. Mzee anaizungusha kiasi cha unywele mmoja, anamtazama mwalimu. Mkono uko chini. Anazungusha tena. Muuza ndizi wa nje ameacha kubishana, amechungulia mlangoni. Mara ya tisa au ya kumi, mkono unapanda polepole.

Wimbo unakwisha. Zamani, katikati ya nyimbo kulikuwa na shhh tupu. Sasa kuna ukimya, benchi linalia, mtu anakohoa. Halafu sauti ya mwanamke, ya chini kabisa, kwa Kimachame.

Ndelilio anapiga ukelele. Anavua hedifoni, anacheka na kulia kwa pamoja.

“Ananisema mimi! ‘Ndelilio, tema huo muwa. Tutaonana nyumbani.’ Nilikuwa na miaka tisa, nimejificha benchi la nyuma!”

“Siku ile ya kurekodi nilitaka kupafuta pale,” anasema Mzee Eliufoo, akijifuta macho kwa pamba ileile ya spiriti, jambo lililomgharimu machozi zaidi. “Halafu nikaona uvivu.”

Mimi nilijifanya natafuta kalamu.

Makabatini mwake zimebaki kaseti zaidi ya mia mbili za kwaya za mlimani, zote zenye nukta. Mpango wake ni kuzihamishia kwenye flashi kabla deki haijamshinda, na safari hii hatajidanganya: kila familia italeta mtu wake wa kusikiliza. Ndelilio ameahidi kushuka kila likizo ya shule.

Kabla Ndelilio hajaondoka, Mama Eunike anapigiwa simu na kuulizwa kama bado ana rangi ya kucha. Anayo, na anaileta kibandani. Nukta mpya inawekwa palepale ya zamani.

“Mwambie Mzee Jacob hii ni alama ya fundi, si urembo,” anasema Eliufoo. Jumamosi atapanda Masama na deki yenyewe, imefungwa kwenye kitenge, aiweke hatua tatu kutoka kaburini.

“Nitamwambia, ila baba ana miaka tisini na moja,” anasema Ndelilio. “Naye hasikii vizuri.”

Mzee Eliufoo anafunga mkoba wake wa bisibisi.

“Basi nitakaa naye,” anasema. “Mama akianza kuongea, wewe tunyooshee mkono.”